Supakaa ya tunu ikianza kulalamika: dalili, chanzo na pa kuanzia kutazama

"Gari halijatembea kabisa, sasa limeharibikaje?" Swali hili nalisikia mara kwa mara kutoka kwa watu walionunua supakaa ya toleo dogo, yaani gari la kasi lililotengenezwa kwa idadi chache tu, wakaifungia ndani, na jibu limo humo humo kwenye swali. Limeharibika kwa sababu halijatembea. Mpira umekauka, petroli imechacha, betri imekufa polepole, panya wamejenga. Nimeyakagua magari haya kwa muda wa kutosha kusema bila kusita kwamba mengi hayauawi na mwendo. Yanauawa na kusimama, na yanayosalimika huangushwa na historia ambayo muuzaji hakuisema yote.

Kwa hiyo kila dalili hapa chini naitazama kwa maswali mawili: gari limesimama muda gani, na nani aliligusa mara ya mwisho? Naanza na dalili za kabla hujatoa pesa, maana hizo ndizo rahisi kuliko zote kuzitibu: unaondoka tu.

## Kilomita ni chache, lakini kuna kitu hakikai sawa

Hapo pana mambo matatu yanayowezekana. Gari kweli halikuendeshwa. Au kilomita zimechezewa, ama kwa kompyuta, ama kwa kuchomoa waya wa sensa ya mwendo gari likiwa barabarani. Au dashibodi iliwahi kubadilishwa, jambo ambalo si kosa ikiwa gereji iliandika tarehe na kilomita za siku hiyo.

Anza na matairi. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa herufi za DOT, kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwingine zimechapwa upande wa ndani tu, kwa hiyo itabidi ulale chini na tochi. Gari la kilomita 3,000 lenye matairi yake ya kwanza linaeleweka. Gari la kilomita 3,000 lililokwisha kubadilisha matairi ya nyuma mara mbili linahitaji maelezo.

Niliwahi kuitwa kukagua gari la miaka kumi na mitatu, kilomita 4,100 kwenye dashibodi. Rangi ilikuwa inang'aa mpaka nikaona uso wangu mlangoni. Nikafungua, nikainama kutazama pedali ya klachi. Mistari ya mpira ilikuwa imefutika upande wa kulia, pale soli ya kiatu inapotelezea, na chuma kimeanza kuchungulia. Kilomita 4,100 hazifanyi hivyo. Nikachomeka kompyuta ya kupimia nikasoma saa ambazo injini imefanya kazi: 412. Ukigawanya, gari lilikuwa limetembea kwa wastani wa kilomita kumi kwa saa maisha yake yote. Kwa magari ya aina hii niliyoyapima, wastani hukaa kati ya kilomita 30 na 60 kwa saa. Muuzaji alinyamaza kidogo, kisha akasema mwenye gari wa kwanza "alikuwa na tabia ya kuchomoa kile kiwaya". Aliyeniita aliondoka mikono mitupu, nami nilifurahi kwa ajili yake.

Kwenye Porsche za gia za mkono, omba pia ripoti ya mara ambazo injini ilizungushwa kupita kikomo chake. Kompyuta ya injini huhesabu kila cheche iliyopigwa juu ya kikomo, na katika Porsche 911 nyingi, kuanzia kizazi kinachoitwa 997, huzigawa kwa ngazi sita. Ngazi za juu kabisa hazifikiwi kwa kukanyaga mafuta, kwa kuwa kompyuta hukata yenyewe. Zinafikiwa mtu anapotoka gia ya tano akitafuta ya nne, mkono ukaangukia ya pili, na magurudumu yakailazimisha injini kuzunguka. Ripoti inaonyesha tukio lilitokea injini ikiwa na saa ngapi. Likiwa lilitokea saa ya 40 na leo injini ina saa 400 na inavuta vizuri, mimi sihofii sana. Likiwa limetokea saa mbili zilizopita, nataka valvu na mgandamizo wa silinda vipimwe kabla bei haijatajwa.

## Mashine ya kupima rangi haisomi kitu

Haijaharibika. Mashine ya kawaida ya kupima unene wa rangi hufanya kazi juu ya chuma na aluminiamu. Ukiiweka juu ya nyuzi za kaboni inakaa kimya au inatoa namba isiyo na maana. Porsche Carrera GT (zilitoka 1,270 kati ya 2003 na 2006) na Lexus LFA (500 tu, 2010 hadi 2012) zina sehemu kubwa ya kaboni, na mtu akikuambia "nimepima rangi yote, ni ya kiwandani" muulize amepima kwa mashine gani. Inayotakiwa ni ile ya mawimbi ya sauti, na mtu anayejua kuisoma.

Kaboni ina tabia nyingine inayowapoteza mafundi waliozoea chuma. Chuma kikigongwa kinapinda na kubaki kimepinda, unakiona. Kaboni inaweza kurudi mahali pake huku tabaka zake zimeachana kwa ndani. Gonga taratibu kwa sarafu ukisogea sentimita chache chache: palipo pazima panalia kwa mlio mkali mfupi, palipoachana panatoa mlio mfu, kama ubao uliooza. Hii ni njia ya kutilia shaka tu. Kwenye kiunzi chenyewe, lile beseni la kaboni analokaa dereva, shaka yoyote inapelekwa kwa mtaalamu mwenye vifaa, na vifuniko vya chini vinafunguliwa vyote. Muuzaji akikataa kufungua vifuniko vya chini, mimi huchukulia nimeshajibiwa.

## Karatasi hazikubaliani

Namba ya chesisi ina herufi na tarakimu 17. Isome kwenye kioo, kwenye kiunzi, kwenye kitabu cha sevisi na kwenye kadi ya umiliki, moja baada ya nyingine, kwa kidole. Kisha ipeleke kwa mtengenezaji uulize kama kuna wito wa kurudishwa kiwandani ambao haujafanyiwa kazi. Magari haya hayakosi. Mwaka 2010 Ferrari iliyaita magari 1,248 ya modeli ya 458 Italia kwa sababu gundi ya kinga za joto karibu na magurudumu ya nyuma iliweza kuyeyuka na kushika moto. Ikabadilishwa na vifungo vya chuma. Kazi kama hiyo huacha karatasi. Karatasi isipokuwepo, fikiria haikufanyika.

Uliza pia kama kuna mkataba unaomzuia mwenye gari kuuza. Wanunuzi wa kwanza wa Ford GT ya kizazi cha pili walisaini kutoiuza kwa miezi 24, na Ford ilimshtaki mwanamieleka John Cena mwaka 2017 baada ya kuiuza ya kwake mapema. Waliafikiana mwaka uliofuata. Usingependa kuwa mtu wa tatu katika kesi ya namna hiyo.

## Haliwaki, na boneti nayo haifunguki

Sasa umeshanunua. Hii ndiyo simu ninayopokea kuliko zote, na karibu kila mara ni betri.

Gari likiwa limezimwa bado linakula umeme: kengele ya wizi, kifunga milango, kompyuta zinazosubiri ufunguo. Wiki tatu nne zinatosha kuishusha betri ndogo, na magari haya mara nyingi hufungwa betri ndogo ili kupunguza uzito. Betri ya kawaida iliyopumzika na kujaa inasoma karibu volti 12.6. Ikishuka hadi 12 imekwisha, hata kama taa za ndani bado zinawaka. Tatizo ni kwamba betri iko chini ya boneti ya mbele, boneti inafunguliwa kwa umeme, na umeme hakuna.

Usilazimishe kwa bisibisi. Nimeona boneti ya kaboni iliyopasuka ukingoni kwa ajili ya betri tu. Kila gari lina njia yake ya dharura na imeandikwa kwenye kitabu: waya wa kuvuta nyuma ya taa au ndani ya tao la gurudumu, au tundu la ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti. Katika Porsche 911 nyingi za miaka ya 2000 kuna ncha ya chanya inayovutwa nje kwenye sanduku la fyuzi miguuni mwa dereva. Unaiunganisha na chanya ya betri nyingine, hasi unaishikiza kwenye chuma cha komeo la mlango, umeme unaingia wa kutosha kufungua boneti. Njia hiyo ni ya kufungulia tu. Usijaribu kupiga stata kupitia hapo, utachoma nyaya.

Ukishafungua, chaji taratibu kwa chaja inayofaa aina ya betri yako. Kama ni ya lithiamu, kama zilivyo kwenye baadhi ya McLaren, chaja ya betri za kawaida inaweza kuimaliza kabisa, na betri ya lithiamu iliyoachwa ikaisha mpaka chini mara nyingi hairudi. Kisha nunua chaja ya kutunza betri na uiache imechomekwa kila gari linapolala. Sijui kifaa kingine cha bei ndogo kinachookoa pesa nyingi namna hiyo.

Magari matatu ya mseto ya miaka ya 2013 hadi 2016, yaani Porsche 918 Spyder, McLaren P1 na LaFerrari, yana betri ya pili ya volti kubwa. Hiyo ikishuka chini ya kiwango chake ni kazi ya watu waliofunzwa. Nyaya za rangi ya chungwa usiziguse, hata gari likiwa limezimwa.

## Taa zote za dashibodi zimewaka kwa pamoja

Breki, giaboksi, suspensheni, mfuko wa hewa, zote mara moja asubuhi moja. Vitu sita havifi usiku mmoja. Chanzo kinachoongoza ni umeme dhaifu wakati wa kupiga stata: kompyuta zinaamka kwa volti ndogo, hazielewani, kila moja inaandika kosa. Chaji betri usiku kucha, soma makosa, yaandike, yafute, washa upya. Yatakayorudi ndiyo ya kweli. Yakirudi mengi tena, tafuta waya wa ethi, ule unaounganisha hasi ya betri na bodi, kama umeshika kutu, na baada ya hapo tafuta panya. Harufu yao utaisikia ukifungua kisanduku cha glavu. Nyumba zao hukaa kwenye chujio la hewa ya ndani na juu ya injini, penye ujoto, na hawali waya mmoja tu.

## Gia zinasita, au klachi inanuka

Hapa inategemea kabisa una giaboksi ya aina gani, na watu wengi hupoteza pesa kwa kutibu aina moja kwa dawa ya nyingine.

Giaboksi za klachi moja zinazobadilishwa na mashine, kama ile iitwayo F1 kwenye Ferrari 360 na F430 au E-gear ya Lamborghini Gallardo, hutumia pampu ya umeme inayosukuma mafuta ya haidroliki, na chupa yenye gesi ya naitrojeni inayohifadhi shinikizo. Katika Ferrari hizo pampu huanza kunguruma ukifungua mlango wa dereva. Simama hapo usikilize. Inatakiwa ivume kwa sekunde chache kisha inyamaze. Washa injini, kaa bila kugusa gia. Pampu ikirudi kuvuma kila baada ya muda mfupi ilhali hakuna aliyebadilisha gia, gesi ya ile chupa imekwisha au kuna valvu inayovuja ndani. Chupa ni spea ndogo. Ukiipuuza, pampu inafanya kazi bila kupumzika, inapata joto, inaungua, na siku hiyo gari litakuacha kwenye makutano likiwa ndani ya gia. Nimesimama kando ya magari mengi nikihesabu sekunde za pampu kwa saa ya mkononi, na nathubutu kusema kipimo hicho cha dakika mbili kinaeleza zaidi kuliko kuendesha nusu saa.

Gari la aina hii likiondoka kwa kuruka ruka huku klachi bado ina unene, huenda haihitaji klachi mpya. Kompyuta inatakiwa ijue ni wapi hasa klachi inaanza kushika, na pointi hiyo huhama klachi inapolika. Fundi mwenye kompyuta sahihi huirekebisha, na pia hukusomea asilimia ya klachi iliyobaki. Usinunue gari la namna hii bila namba hiyo kwenye karatasi.

Giaboksi za klachi mbili ni jambo tofauti. Klachi zenyewe hudumu. Kinachokufa mara nyingi, kwenye zile za kampuni ya Getrag zilizofungwa kwenye Ferrari 458 na California za mwanzo, ni sensa zilizomo ndani. Dalili: onyo la giaboksi, gia za shufwa zinapotea au za witiri, kisha baada ya kuzima na kuwasha kila kitu kinarudi kama kawaida. Zamani jibu lilikuwa kubadilisha giaboksi nzima. Siku hizi kuna mafundi wanaoifungua na kubadilisha sensa peke yake, kwa hiyo kabla hujakubali giaboksi mpya tafuta maoni ya pili.

Na kuna Carrera GT, yenye klachi ya kauri ya kipenyo cha milimita 169 na gia za mkono. Klachi ikinuka au gari likizimika kila ukianza, gari ni zima, ni mguu unaohitaji somo. Mazoea yanasema achia klachi huku ukiongeza mafuta. Kwenye gari hili mafuta usiguse kabisa: achia klachi polepole mpaka gari lianze kujisogeza lenyewe kwa mwendo wa mtu anayetembea, mguu utoke wote, ndipo ukanyage. Mwenye haraka anaila klachi hiyo kwa msimu mmoja, na kuibadilisha ni kazi kubwa.

## Moshi wa buluu ukiwasha asubuhi

Ukitoka pumzi moja na kukatika ndani ya dakika, baada ya gari kulala wiki kadhaa, ni oili kidogo iliyoteremka. Si ugonjwa.

Ukiendelea, uliza kwanza nani aliongeza oili mara ya mwisho na alipimaje. Injini nyingi za magari haya hazihifadhi oili chini ya krankishafti, ile shafti kuu ya injini. Zina tangi la pembeni. Nyingi kati yake hupimwa injini ikiwa ya moto na ikinguruma. Mtu anayepima asubuhi injini ikiwa baridi na imezimwa, kama anavyopima gari la kazini, anaona kijiti kikavu, anaongeza lita moja, kesho yake anaongeza nyingine. Oili inapitiliza, inavutwa kwenye njia ya hewa na kuungua. Nimekuta injini iliyoandikiwa ovahol ambayo ilihitaji kupunguzwa lita mbili tu. Kitabu cha gari kinaeleza hatua kwa hatua. Kifuate neno kwa neno.

Baada ya hapo ndipo ufikirie mambo mazito. Ferrari F355 za mwanzo, kwa mfano, zinajulikana kwa kulika kwa mirija inayoongoza valvu. Moshi mweupe wenye harufu tamu ni maji ya rejeta, na hapo zima injini.

Mlio wa tiki-tiki injini ikiwa baridi, unaopungua ikipata moto, kwenye F355 au F430 hutokana mara nyingi na ufa katika bomba la moshi linaloshikana na injini. Chuma kikipata moto kinatanuka na ufa unajifunga, ndiyo maana muuzaji mjanja hukupokea injini ikiwa tayari ya moto. Gusa kifuniko cha injini ukifika. Kikiwa na joto, rudi kesho.

Mikanda ya taiming naiweka hapa hapa kwa kuwa ikikatika hutapata dalili ya pili. F355 na 360 zina mikanda, na F355 inabidi injini itolewe nje ili ifikiwe. Kuanzia F430 ni cheni. Mikanda huzeeka kwa miaka hata gari lisipotembea. Sentensi "hatujaibadilisha kwa sababu halijatembea" ndiyo ninayoiogopa kuliko nyingine zote katika kazi hii.

## Harufu ya petroli

Usiwashe. Sukuma gari nje, chomoa betri nje penye hewa, ndipo utafute.

Ferrari F40 na F50, na McLaren F1, zina matangi ya mpira kama yale ya magari ya mashindano, na mpira huo una umri wa kufa. Kwa McLaren F1 tangi hubadilishwa kila miaka mitano. Kwa magari mengine, mipira ya petroli juu ya injini ndiyo ya kwanza kukauka: ikunje kwa vidole, ukiona nyufa ndogo kama za udongo wa kiangazi, badilisha yote kwa pamoja.

## Breki zinalia, tairi zinadunda

Breki za kauri zikilia zikiwa baridi, ziache. Kulika kwake hakuonekani kwa unene kama diski za chuma. Kinachopungua ni uzito, na uzito wa chini kabisa unaoruhusiwa umeandikwa kwenye kitovu cha diski. Kuna pia kifaa cha kupima kaboni iliyobaki bila kufungua diski. Adui yao mkubwa ni fundi mwenye haraka: gurudumu likitolewa bila pini za kuongozea, rimu inagonga ukingo wa diski na kumega kipande. Kagua kingo zote kwa kidole kabla gari halijaingia gereji na baada ya kutoka.

Pedali ya breki ikiwa laini baada ya gari kulala muda mrefu, mafuta ya breki yamenyonya unyevu. Yabadilishwe kila miaka miwili, limetembea au halikutembea.

Kudunda kwa kilomita chache za kwanza ni tairi lililolala upande mmoja. Likipata joto hurudi. Lisiporudi, limekwisha. Na umri wa tairi naomba usiufanyie mzaha. Katika ajali ya Carrera GT ya mwaka 2013 iliyomuua mwigizaji Paul Walker na rafiki yake aliyekuwa akiendesha, wachunguzi walitaja mwendo mkali, na wakasema pia matairi yalikuwa na umri wa miaka tisa. Kwa macho, tairi la namna hiyo linaweza kuwa zuri kabisa, kashata zote ziko juu. Kwa gari lenye nguvu hivi mimi sivuki miaka sita, na la kuendeshwa kwa kasi nalibadilisha mapema zaidi. Kabla ya kununua hakikisha saizi hiyo bado inatengenezwa. Bugatti Veyron hutumia tairi la pekee la Michelin, na gari la namna hiyo likikosa tairi linabaki kuwa sanamu.

## Gari limekuwa gumu, linarusha kama mkokoteni

Kwenye McLaren zenye suspensheni ya haidroliki, kuanzia modeli ya 12C, tazama zile chupa za gesi. Gesi ikitoroka, gari linapoteza ulaini wake kona moja au zote. Kwenye gari lenye mashine ya kuinua pua, pua ikishuka usiku kuna mahali panavuja.

Wenye Carrera GT wana jambo lao. Mwaka 2023 Porsche iliwaambia wasiyaendeshe magari yao mpaka viungo vya mikono ya suspensheni vishughulikiwe, kwa kuwa viligundulika vinaweza kushika kutu na kuvunjika. Anayekuuzia Carrera GT leo awe na karatasi ya kazi hiyo mkononi.

## Vitufe vinanata

Plastiki laini ya ndani ya Ferrari nyingi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, ilipakwa rangi ya mpira ambayo joto na unyevu huivunja mpaka inakuwa kama asali. Ukiifuta kwa spiriti inatoka, pamoja na maandishi yote ya vitufe. Kuna mafundi wanaoivua na kuipaka upya na kuchapa maandishi. Ngozi ya dashibodi inayojikunyata karibu na kioo ni kazi ya jua, na dawa yake ni kulaza gari kivulini na kulifunika.

## Haliuziki kwa bei ya wenzake

Mara nyingi gari ni zima ila limepungukiwa. Ufunguo wa pili haupo, mkoba wa vifaa haupo, kitabu cha sevisi kina pengo la miaka minne, ekzosti ya kiwandani ilitupwa baada ya kufungwa ya kelele zaidi. Hifadhi kila kilichotolewa, hata boliti, ndani ya sanduku lenye lebo. Na bima iwe ya thamani mliyokubaliana kwa maandishi, inayopitiwa upya kila mwaka. Bima inayohesabu uchakavu wa kila mwaka haifai gari ambalo bei yake inapanda.

## Limesimama miaka miwili, na leo unataka kuliwasha

Hapa ndipo watu huharibu kwa dakika moja kilichosalimika miaka miwili, kwa hiyo nenda taratibu.

Usiguse ufunguo kwanza. Mulika chini ya gari uone kilichodondoka. Fungua chujio la hewa, toa viota. Nusa tangi: petroli iliyochacha inanuka kama varnishi, na ile yenye ethanoli huwa imevuta maji pia. Ikinuka hivyo itolewe yote, usiichanganye na mpya. Badilisha oili, hata kama ni safi kwa macho, maana unyevu na asidi vimo ndani yake. Badilisha mafuta ya breki. Kunja mipira yote kwa vidole. Chaji betri hadi ijae.

Kisha fundi azuie petroli na cheche, azungushe injini kwa stata kwa vipindi vya sekunde chache hadi presha ya oili ionekane. Ndipo petroli irudishwe na injini iwashwe. Iache ingurume bila kuikanyagia, macho yako kwenye geji ya oili na ya joto, mwenzako akitazama chini na tochi. Feni za rejeta zisipowaka joto likifika mahali pake, zima.

Mwendo wa kwanza uwe mfupi, kilomita tano hivi, karibu na nyumbani, breki zikijaribiwa ukiwa polepole. Ukirudi liache lipoe kabisa, tandika katoni safi chini yake lilale. Asubuhi tazama katoni. Doa lililopo, na rangi yake, ndiyo orodha ya kazi utakayompelekea fundi.